Hiari Iliyokuja na Soda

Nyinyi vijana mnaopita hapa kibarazani kwangu Makina, Kibera, mkiniambia "niaje shosh", halafu mnataka niwape siri ya kudumu kazini, kaeni kidogo. Siri ya kudumu sina. Ningekuwa nayo, mpaka leo ningekuwa kiwandani kule Industrial Area, nguo zangu zikinukia vanila. Nilichonacho ni pua. Miaka yote niliyosimama mbele ya oveni ya biskuti ilinifundisha kunusa vitu viwili: biskuti inayotaka kuungua na kampuni inayotaka kukuondoa. Biskuti unaweza kuiwahi ukikimbia.

Najua mnanisema. Wajukuu wangu wanadai nikiletewa chai nauliza kwanza nani aliipika na alikuwa akifikiria nini. Semeni tu. Lakini juzi kijana mmoja wa hapa mtaani, ameajiriwa kwenye kampuni kubwa huko mjini, alinijia na swali ambalo naona wengi wenu mtaulizwa kabla hamjaota mvi. Kampuni yao imewaambia wanaotaka kuondoka kwa hiari waandikishe majina, watapewa fungu nono. Wasiotaka wangoje, na wakipigwa kalamu wasilaumu mtu.

"Shosh, nichukue ama nikae ngumu?"

Sikumjibu vizuri siku ile, maana swali lilinichoma. Acha nijibu sasa, na msinikimbize, kwa sababu jibu langu lina mtu ndani yake.

Kwanza mjue hili: kampuni kubwa haikufukuzi siku ile inayokufukuza. Inaanza mbali. Kiwandani kwetu tulikuwa na desturi ya vunjavunja. Biskuti zilizokatika kwenye mkanda zilitiwa magunia, na Jumamosi sisi wafanyakazi tuliuziwa kwa bei ya kutupa. Nusu ya watoto wa Makina wamekulia vipande vyangu, na wengine wenu hapa meno yenu ya kwanza yalioza kwa ajili yangu. Basi Jumamosi moja askari wa getini akatuambia vunjavunja imekwisha, sasa itauzwa kwa wafugaji wa nguruwe. Nguruwe! Mimi Mwislamu, mtoto wa Kinubi, nikaona nimetukanwa mimi binafsi. Nilipotulia ndipo nikajiuliza, kampuni inayoanza kuokota makombo ina nini tumboni?

Wiki chache baadaye wakapaka geti rangi mpya. Nikamwambia mume wangu, Mungu amrehemu, "Hawa watu wana jambo."

Akaniuliza, "Sasa hata rangi imekukosea?"

Halafu wakaja wageni wa makoti meupe na viatu visivyo na vumbi, wakapita wakitazama mashine, watu hawawatazami. Mnunuzi wa ng'ombe humtazama ng'ombe, mchunga hana haja naye. Nikaongeza hilo kwenye hesabu yangu ya moyoni. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimeshaanua nguo.

Aliyenifundisha kutoamini ni Mzee Kioko, fundi wa oveni aliyetutangulia, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua zikakataa kuota tena. Wiki yangu ya kwanza nilipitisha trei nzima ya biskuti zenye rangi nzuri ya asali, nikajiona nimeiva kazini. Mzee akachukua moja, akaigeuza. Chini ilikuwa nyeupe kama tumbo la samaki. Akanilazimisha niile mpaka ikaisha, na bado naikumbuka ikinigandia kwenye kaakaa.

"Juu ni sura," akaniambia. "Tabia iko chini. Geuza."

Nikageuza maisha yangu yote. Alinifundisha pia kwamba wakati wa mvua unga hunywa maji hewani kabla hujautia maji yako, kwa hivyo ukiukanda kama ulivyoukanda Januari, biskuti zitatoka laini na kesho yake zitapasukia ndani ya pakiti. Na kwamba biskuti nzuri huivunji mbele ya macho, unaivunja karibu na sikio. Ikilia kama kijiti kikavu, ipeleke. Ikinong'ona, ina maji.

Siku Mzee Kioko anastaafu tulimfanyia kama ilivyokuwa desturi ya oveni. Sijui nani aliianzisha. Mbele ya oveni hatulii. Machozi pale ni nuksi, moto utazimika au mtu ataungua. Kwa hivyo anayeondoka husimama mbele ya wenzake na chai mkononi, akawatania wanaobaki mpaka wacheke, na kilio chake huenda nacho nyumbani. Mzee alituambia, "Nawaachia jehanamu, mimi naenda kulala na mke wangu mpaka atoroke." Tulicheka tukashika mbavu. Baadaye nilisikia alilia njia nzima mpaka Machakos.

Kumbukeni desturi hiyo, maana ndiyo iliyonitia shimoni.

Baada ya Mzee, oveni namba mbili tulibaki nayo wawili, mimi na Nekesa. Yeye ni Mluhya wa Kawangware, mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka, mwenye moyo mweupe mpaka unakasirisha. Askari akimpekua mkoba getini, yeye anamuuliza habari ya watoto wake. Mmoja wetu alisimama kwenye mdomo wa oveni akisoma rangi, mwingine kwenye koki za gesi akipandisha na kushusha moto, tukibadilishana kila baada ya chai. Upande wa koki ndio wenye joto la kuua. Mwezi wa Ramadhani Nekesa aliushika upande huo kutwa nzima bila kuombwa, na mchana hakuwahi kula mbele yangu. Miezi mingine tulikula sinia moja, mimi nikileta gurusa, ule mkate wetu mwembamba wa Kinubi, yeye akileta mboga ya mrenda. Wenzetu walisema mchanganyiko ule ni dhambi kwa dini zote mbili.

Nekesa alikuwa na binti, Mercy, mwenye ugonjwa wa damu, selimundu, ule unaomshika mtoto mifupani mpaka analia kwa sauti isiyo yake. Kilichomweka Mercy hai, baada ya Mungu, ilikuwa kadi ya matibabu ya kampuni. Mama yake akiwa kazini, kadi inafanya kazi. Akitoka, kadi ni plastiki tu. Hilo kila mtu pale alilijua.

Sasa likaja jicho. Ndivyo tulivyoiita kamera waliyoifunga juu ya mkanda ili isome rangi ya biskuti. Tukaambiwa imekuja kutusaidia. Vijana wa mitambo wakatuomba tupange biskuti kwenye trei, nzuri huku na mbaya kule, ili jicho lijifunze. Nekesa akapanga kwa moyo wake wote. Mimi nikachanganya makusudi. Zilizoungua nikazitia kwenye nzuri, mbichi nikazisifu, nikajiambia jicho hili litakua jinga na litarudishwa lilikotoka. Baada ya siku kadhaa nikamuuliza kijana mmoja wao, kwa sauti ya upole, mwanafunzi anaendeleaje.

"Poa sana, mathe," akanijibu. "Trei zako tuliacha kuzitumia siku ya kwanza. Tunatumia za mwenzako."

Nekesa alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mimi sikuona kichekesho.

Ndipo tukaitwa kantini. Chai yetu ya kawaida ilitoka kwenye sufuria, kikombe unaleta chako. Siku hiyo tulikuta soda baridi na keki kwenye kila meza. Si Krismasi, si Idi. Mkubwa mmoja akasimama akasema sisi ni familia. Nikamminya Nekesa, nikamnong'oneza, "Familia haitangaziani kuwa ni familia."

"Wewe nawe," akasema. "Kunywa soda."

Mkubwa akaendelea kwamba kwa sababu ya teknolojia mpya, kila mahali waliposimama wawili, mmoja sasa angetosha. Atakayejitolea kuondoka kwa hiari angepewa fungu linalozidi lile la sheria. Wawili wasipopatana nani aondoke, kampuni ingechagua yenyewe. Tukapewa mpaka mwisho wa mwezi. Nekesa alimaliza soda yake. Yangu niliirudisha mezani na kizibo chake.

Hapa vijana mnisikilize, kwa sababu wengi wenu mnadhani kuondoka ni kuondoka. Kupunguzwa kwa lazima kuna mlango wa mbele. Kampuni lazima iseme sababu, ikijulishe chama cha wafanyakazi, iijulishe ofisi ya leba, ieleze kwa nini wewe na si yule. Kuna kelele, na kelele ni ngao ya mnyonge. Hiari haina kelele. Unaingia ofisini peke yako, unasaini peke yako, na mstari wa mwisho kabisa unasema hutadai tena kitu chochote, leo wala kesho. Fungu la hiari ni nene kwa sababu ndani yake wamenunua mdomo wako. Sisemi ni haramu. Wapo waliolichukua wakajenga, wakashukuru. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na mtu anayaona ya kwake. Ninachosema ni geuza uone chini.

Afisa wa wafanyakazi alikuwa kijana mpole aitwaye Dennis, mwenye tabia ya kukuvutia kiti kabla hujakaa. Akatuita mmoja mmoja. Mimi akaniambia, "Mama, nakuambia tu kwa heshima. Mwenzako ameshasema yeye anataka kubaki, na yuko tayari kufanya kazi hiyo peke yake."

Siku hiyo sinia letu halikukutana. Nilikula gurusa langu kavu upande wa magunia, Nekesa akala mrenda wake akitazama ukuta. Siku ya pili vivyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nguo yenyewe ilikuwa imesimama hatua chache kutoka kwangu ikipandisha gesi. Kila alipoelekea upande wa ofisi nilimfuata kwa macho, na yeye kila nilipoongea na supavaiza alinyamaza kusikiliza. Siku ya tatu akaja na bakuli lake akaliweka mapajani mwangu kwa nguvu, mboga ikamwagikia aproni.

"Mama Sharifa, unanichukia ama unaniogopa?"

"Wewe ndiye umesema unaweza oveni peke yako."

"Mimi?" Macho yakamtoka. "Mimi nimeambiwa ni wewe umesema hivyo!"

Yeye akaanza kucheka. Mimi bado nilikuwa nauliza moyoni, na kama hili nalo amelitunga? Ndivyo nilivyo. Kwa hivyo nikamshika mkono, tukaingia wote wawili kwa Dennis bila kubisha, nikamwambia arudie mbele yetu aliyotuambia mmoja mmoja. Dennis hakutoka hata jasho. Alidai alisema "huenda", na kwamba labda kelele za mashine zimetuathiri masikio. Halafu akatuvutia viti.

Tulipotoka Nekesa alikuwa amekunja uso kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tukapatana papo hapo kwamba hakuna anayesaini. Wakitaka, watuchague mchana kweupe, chama kikiwepo.

Lakini midomo ya watu haipumziki. Kantini, msalani, njiani kwenye reli tukirudi Kibera kwa miguu, wote walikuwa na wimbo mmoja: Mama Sharifa ndiye atoke. Mama Sharifa ana vyumba vya kupangisha Makina alivyoachiwa na baba yake. Nekesa ana nini? Ana mtoto mgonjwa. Niliwachukia kwa sababu walikuwa wanasema kweli. Hata hivyo nilijiuliza swali ambalo hakuna aliyejiuliza: nikitoka mimi, Nekesa anabaki mpaka lini? Nikarudi kwa Dennis nikamuuliza vilevile nilivyowaza.

"Mama, fikiria mwenyewe," akasema. "Kamera inaona, lakini haina mikono. Koki nani atazifunga? Oveni haiwezi kukosa mtu."

Nilikwenda na maneno yale nyumbani. Niliyageuza. Niliyatazama juu na chini. Nilimchukia aliyeyasema, lakini yenyewe nikayaona yameiva, maana kweli jicho halina mikono.

Wiki hiyohiyo Mercy alishikwa na maumivu yake. Nilifanya shifti ya Nekesa na yangu, kisha jioni mapema nikapitia hospitalini. Nilimkuta mama yake kwenye dirisha la mapokezi, ameweka ile kadi juu ya kaunta. Muuguzi akaichukua, akaiingiza kwenye mashine, kitanda kikapatikana. Nyuma yetu kulikuwa na mama mwingine na mtoto wa aina hiyohiyo, analia vilevile, hana kadi. Huyo alionyeshwa benchi. Nilipokuwa nikitoka baada ya kumwona Mercy amelala na dripu mkononi, yule mama alikuwa bado kwenye benchi, mtoto ameacha kulia, amenyamaza tu. Kimya kile kiliniumiza kuliko kilio.

Kesho yake nikasaini.

Nekesa sikumwambia sababu. Nilijua nikimwambia, sinia letu halitakaa sawa tena, mmoja wetu atakula akiwa mdeni. Akaniuliza mbona nimevunja patano, nikamjibu, "Nimechoka na joto. Nina vyumba vyangu, nitakaa nihesabu wapangaji." Akasema sawa, na nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo.

Siku ya mwisho nikasimama mbele ya oveni na chai yangu, kama desturi inavyotaka. Wenzangu wamenizunguka, Nekesa mbele kabisa. Kulia hakuruhusiwi. Basi nikatania. Nikasema, "Haya, wajinga wangu, bakini. Mimi naruka kabla nyumba haijashika moto yote. Pua yangu imeshaniambia! Mtanikumbuka mkichomeka!" Wakacheka mpaka wakapiga mkanda makofi. Nekesa alicheka kuwazidi wote. Nilivuka reli macho makavu, nikasalimia watu njia nzima, na nilipofunga mlango wangu Makina ndipo nilipolia mpaka mume wangu akaogopa akaenda kumwita dada yangu.

Mvua za mwaka huo hazijafika, kiwanda kikauzwa. Wenye viatu safi hawakutaka watu wala oveni namba mbili. Waliikata vipande ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kazi ikahamishiwa kwenye mtambo mpya nje ya mji, ambao nasikia una mikono yake wenyewe. Wote waliobaki wakapigwa kalamu siku moja. Kwa kuwa walikuwa wengi na walipiga kelele pamoja, chama kiliwapigania wakapata kitu, na kadi za matibabu zikaongezewa muda. Mimi niliyekuwa nimesaini sitadai, nilibaki kusikia habari tu. Kisha muda wa kadi nao ukaisha.

Nekesa akaja Makina. Nilimwona akitokea upande wa msikiti, nikanyanyuka kumpokea na mikono wazi. Hakuikubali mikono yangu. Alisimama palepale barabarani, watu wanapita.

"Ulijua."

"Nilijua nini, Nekesa?"

"Kwamba wanafunga. Ukachukua fungu la kwanza, lile nono, ukaniacha kwa moto. Ulisema mwenyewe mbele ya watu! Pua imekuambia!"

"Nilikuwa natania. Si ndiyo desturi?"

"Mama Sharifa, wewe uliona rangi ya geti ukajua. Uliona soda ukakataa kunywa. Leo unataka kuniambia kiwanda kizima kimeuzwa na wewe hukunusa?"

Nikamwambia sikujua. Nikaapa. Nikamwambia Dennis alinidanganya na nikamwamini. Hapo ndipo alipocheka, lakini si kile kicheko chake.

"Wewe? Wewe umwamini Dennis?"

Akageuka akaenda zake. Nilibaki nimesimama kama mtu aliyeibiwa akiwa macho. Habari ya hospitali, ya benchi, ya yule mtoto aliyenyamaza, sikuwa nimeisema, na sasa ningeisema ingeonekana nimeitunga njiani. Mtu akishajulikana kwa kushuku, hakuna atakayekubali kwamba siku moja naye alidanganywa. Watu huamini ujinga wa kila mtu isipokuwa wa mjanja.

Miaka ikapita hatusemezani. Nilipokutana na wenzetu wa zamani sokoni niliuliza habari za Mercy kwa mzunguko, kama ninayeuliza bei ya kitu nisichotaka kununua. Nilisikia anatibiwa kwa shida, mama yake anauza githeri, mahindi na maharagwe, Kawangware, wanachangisha, wanahangaika, lakini yupo. Kila niliposikia yupo, nililala vizuri.

Basi kijana wangu uliyeniuliza nichukue ama nikae ngumu, jibu langu ni hili, na halijanyooka. Usiingie ofisini peke yako, hata uvutiwe kiti cha dhahabu. Soma mstari wa mwisho kabla ya wa kwanza. Wakikuambia ukitoka wewe mwenzako atabaki, waambie waandike atabaki mpaka lini, uone kama kalamu yao itashuka. Mkiweza kukaa kundi zima mkatolewa kwa kelele, penye wengi pana Mungu. Na ukiamua kuondoka kwa ajili ya mtu, mwambie mtu huyo siku hiyohiyo kwa mdomo wako, hata kama atakuwa mdeni wako milele. Deni linalipika. Hili langu sikupata pa kulilipia.

Mwaka jana nikasikia Nekesa miguu imemvimba, haendi tena sokoni. Sikumuuliza mtu ushauri. Nilinunua sukuma na mrenda kwa akina mama wa Silanga, nikaenda Kawangware, upande wanaouita Congo, nikaulizia mpaka nikafika. Mlango alinifungulia msichana mwembamba mrefu, amevaa sare ya duka la dawa. Nilimtambua kwa kicheko cha mama yake. Mercy. Nilimshika uso kwa mikono miwili, yeye akadhani nimemchanganya na mtu mwingine.

Nekesa alikuwa amekaa kitandani, miguu juu ya mto. Hakunifukuza. Tulizungumza habari za mvua, za bei za vitu, za waliokufa. Mercy alipotoka kuteka maji, Nekesa akaniita jina langu lenyewe, ambalo hakuwahi kulitumia siku zote za oveni.

"Zainabu. Mimi nimechoka kukukasirikia. Nimezeeka, hii hasira ni mzigo. Wewe sema tu ulijua. Ukisema, nakusamehe leo, yaishe. Lakini usiniambie tena ati hukujua. Hiyo siwezi kumeza."

Ukweli wote ulikuwa umenijaa mdomoni, kadi, kaunta, benchi, na sasa alikuwepo wa kunisikiliza. Lakini niliwaza angeufanyia nini. Asipouamini, ningeondoka pale vilevile nilivyokuja. Akiuamini, angelala na miguu yake ile mibovu akijua kwamba niliacha kazi kwa ajili ya mtoto wake, na kwamba yeye alinitukana barabarani kwa hilo, na kwamba halikumsaidia kitu.

"Nilijua," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. "Nilijua ulijua," akasema. Kisha akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akanivuta nikakaa naye kitandani, akanisamehe. Alinisamehe kwa moyo ule wake mweupe, bila kubakiza kitu, mpaka nikaona aibu kana kwamba kweli nilimkosea. Mercy alipoingia na ndoo akatukuta tunamcheka Mzee Kioko na nyusi zake.

Siku hizi naenda kila Jumapili. Tunapika, tunabishana, ananitambulisha kwa majirani zake kama yule rafiki aliyemkimbia akamsamehe, nami natikisa kichwa kukubali. Sasa nyinyi mmeujua ukweli, na kutoka hapa mpaka Kawangware si mbali, na midomo yenu naijua. Nekesa akilisikia hili, nitajua ni nani kati yenu.